Mwavuli wa Tatu

Sebuleni mwa marehemu baba yangu, hapo Lalago, wilaya ya Maswa, imetundikwa picha iliyotiwa katika fremu ya mbao. Yaonyesha chombo cha safari ya Apollo 15 kikishuka baharini chini ya miavuli mitatu mikubwa. Miwili imetanuka na kujaa upepo. Wa tatu umenywea, waning'inia kama gunia tupu. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza baba kwa nini ametundika picha ya kitu kilichoharibika. Naye akaniuliza, "Waliomo ndani walikufa?" Nikasema sijui. "Hawakufa," akanijibu, akachukua jembe lake akaenda shambani.

Kwa hakika hawakufa. Tarehe 7 Agosti, 1971, Wamarekani watatu, David Scott, Alfred Worden na James Irwin, walikuwa wakirejea kutoka mwezini. Miavuli yote mitatu ilifunguka sawasawa; kisha, chombo kikiwa kingali angani juu ya bahari ya Pasifiki, kaskazini ya visiwa vya Hawaii, mmoja ukanywea. Waliokiunda chombo hicho walikuwa wamekwisha kadiria kwamba miwili yatosha. Ikatosha. Chombo kiligonga maji kwa kishindo kikubwa kuliko kawaida, lakini wote watatu walitoka salama.

Hapo ndipo linapozuka swali. Ikiwa miwili yatosha, wa tatu una wajibu gani?

Ndugu msomaji, swali hili si la miavuli tu. Jamii zetu nazo zilijengwa kwa kukadiria kwamba yupo atakayeanguka. Katika Usukuma, nchi ya pamba, mtu akiugua wakati wa palizi, majirani humwendea na majembe yao, shamba lisimezwe na magugu. Huo ni utu, nasi twajivunia. Lakini hapana budi tukiri kwamba utu huohuo waweza kuwa maficho ya mtu mzima mwenye nguvu zake.

Nasema hayo kwa kuwa nayajua. Sisi tulizaliwa watatu. Kaka na dada walibaki Lalago. Mimi nilisomeshwa hadi sekondari kwa fedha ya pamba iliyochumwa na mikono yao, nikapata kazi serikalini. Mama alipopooza, aliuguzwa miaka minne. Kaka alimbeba, dada alimlisha na kumwogesha. Mimi niliandika barua nzuri, na mara moja nikatuma shairi. Moyoni nilijiambia: wapo wawili, wanatosha. Na kweli walitosha. Mama hakulala njaa hata siku moja. Lakini siku ya matanga nilimwona kaka akiinuka mkekani asiweze kunyoosha mgongo, ndipo nikafahamu maana ya kile kishindo cha maji.

Atakuwapo wa kusema kwamba, maadamu mama alitunzwa, hakuna aliyedhulumiwa. Sivyo. Mzigo ulioachwa na mmoja hautoweki. Huhamia begani mwa mwenziwe. Tena, ile hesabu ya miwili kutosha iliwekwa kwa ajili ya ajali, haikuwekwa kwa ajili ya mtoro. Kila mmoja akisema "wenzangu wawili watatosha", yote mitatu itanywea, na chombo kitazama pamoja na waliomo. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962, alitukumbusha methali ya wazee: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ukarimu na kazi havikutenganishwa. Ikiwa mgeni hupewa jembe, mwana wa nyumba atasamehewa kwa hoja gani?

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Waliochunguza tukio lile waliona kwamba yaelekea kamba za mwavuli wa tatu ziliunguzwa na mafuta ambayo chombo chenyewe kiliyamwaga kilipokuwa kikishuka. Kumbe kosa halikuwa la kitambaa! Wako na watu wa namna hiyo, ambao kamba zao zilikatwa na maradhi, au na ukali wa jamaa waliopaswa kuwategemeza. Hao hawastahili lawama, wastahili kubebwa. Kwa mbali aliyeunguzwa na aliyejikunja mwenyewe hufanana, na yafaa tuulize kwanza kabla ya kunyosha kidole. Mimi sina haja ya kuulizwa. Kamba zangu zilikuwa nzima.

Baada ya matanga kaka aliniambia niichukue ile picha niende nayo mjini, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nilimwomba iachwe palepale, ili niikute kila nirudipo. Matibabu ya mgongo wake sasa ni juu yangu. Hayo si malipo, maana mama hayupo wa kulipwa. Ni kuanza kubeba, ingawa nimechelewa.