Je, Ugonjwa wa Kurithi ni Udhuru?

Husikiwa sana katika baraza zetu mtu akisema: "Babangu alikufa kwa moyo, na babu yangu kadhalika, nami nangoja siku yangu." Husema hayo na sigara i mkononi, na akishauriwa kwenda kupimwa damu hujibu kwamba lililoandikwa halifutiki. Yatupasa kuitazama hoja hii, kwani imevaa kanzu ya imani, na ndani yake hamna imani.

Kwanza tuukubali ukweli uliomo. Ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba hurithiwa kwa kiasi. Ndani ya miili yetu mna mfano wa maandishi tuliyoyapokea kwa baba na mama, na sehemu zake huitwa jeni. (Jeni hizi si majini, wala hazitolewi kwa hirizi.) Mwaka 2007 wataalamu walitambua mahali katika kromosomu ya 9 ambapo tofauti ndogo ya maandishi hayo humzidishia mtu hatari hiyo, na tangu hapo zimejulikana sehemu nyingine nyingi. Tena uko ugonjwa wa kurithi ambao kwa sababu yake mafuta yaitwayo kolesteroli hukithiri damuni tangu utotoni. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto wake huwa na nusu ya uwezekano wa kuurithi. Hayo hakuna aliyejichagulia, wala hana dhambi kwayo.

Lakini je, kurithi ni hukumu iliyokwisha katwa? Mwaka 2016 ulitangazwa uchunguzi wa watu zaidi ya 51,000 wa Marekani na Uswidi, wengi wao Wazungu. Waliorithi hatari kubwa waliugua karibu maradufu ya waliorithi hatari ndogo. Hata hivyo, katika hao hao wa hatari kubwa, walioshika angalau matatu katika mambo manne, yaani kutovuta sigara, kutonenepa kupita kiasi, kuuzoeza mwili kazi na kula chakula chema, hatari yao ilipungua kwa asilimia 46 kuliko wenzao walioyapuuza.

Sayyidna Umar bin Khattab, alipofika Sargh akielekea Shamu, alipata habari ya tauni, akarejea Madina na watu wake. Abu Ubayda alipomwuliza kama yuaikimbia kadari, alimfahamisha kwamba kuiepuka hatari nako kumo katika kadari ile ile. Basi ni nani kati yetu mwenye imani kumshinda Umar?

Twasema, kwa hivyo, kwamba urithi huu hauondoi wajibu, bali huuzidisha. Ndugu wawili wakirithi majahazi mawili, moja zima na moja lenye ubao dhaifu, ni yupi apaswaye kulikalafati lake mara kwa mara? Na akikataa, kisha likazama na abiria, atasema kwamba ubao aliurithi?

Na abiria wapo. Ama yule aliyeambiwa na tabibu kwamba kolesteroli yake ni ya ukoo, haki ya kujua si yake peke yake. Ni ya ndugu zake na wanawe pia. Damu ya mtoto hupimika, na dawa za kuyapunguza mafuta hayo zipo. Lakini wengi huficha, wakichelea binti zao wasije kukosa wachumba. Kusitiri aibu ni jambo jema. Ugonjwa si aibu. Kumficha ndugu neno liwezalo kumwokoa ni khiyana, na hiyo ndiyo aibu.

Mali ya marehemu hatulali mpaka tumeigawa kwa hesabu. Na tuutafute vivyo hivyo urithi huu mwingine, tuulizane mzee wetu alikufa kwa nini na akiwa na umri gani, kisha twende tukapimwe. Umri uko mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Mwili ni amana mikononi mwetu. Wallahu aalam.