Dominika ya Walio Ugenini

Mama mmoja ametuandikia barua yenye uchungu. Binti yake yuko Muscat, nchini Oman, katika kazi ya nyumbani, yapata mwaka sasa. Kila Jumapili mama humpigia simu kumwuliza kama amesali Misa, na kila Jumapili jibu ni lile lile: leo ni siku ya kazi. Mwishowe mama alimkaripia, akamwambia ameuza dini kwa mshahara. Tangu hapo binti hapokei simu siku ya Jumapili. Mama atuuliza afanyeje.

Wasomaji wetu wapenzi, kabla ya kumhukumu mtoto huyu yatupasa kulijua juma lake. Huko Oman siku za mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, tangu mwaka 2013. Zamani zilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Jumapili maofisi na shule hufunguliwa, na jina lake kwa Kiarabu maana yake ni siku ya kwanza. Sisi twaiita ya pili, kwa kuwa hesabu yetu huanza baada ya Ijumaa. Injili nayo yasema Bwana alifufuka siku ya kwanza ya juma.

Tena Wakristo wa kwanza hawakuwa na mapumziko ya Jumapili. Kaisari Konstantino ndiye aliyeyaamuru, mwaka 321. Mwanzoni mwa karne ya pili Plinio, liwali wa Kirumi huko Bithinia, alimwarifu Kaisari wake kwamba Wakristo hukusanyika siku maalum kabla ya mapambazuko. Twadhani ni kwa sababu jua likichomoza wengi wao walikuwa na mabwana wa kuwatumikia. Na wale wanawake wawili aliowatesa ili apate habari zao walikuwa vijakazi. Hakuna aliyewaambia kwamba wameiuza dini.

Leo makanisa ya Katoliki ya Muscat hujaa watu siku ya Ijumaa, na masomo ya Misa hiyo ni yale ya Dominika. Binti akipewa ruhusa Ijumaa, aende wala asione haya. Asipopewa ruhusa siku yo yote, hana dhambi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, yamhimiza anayezuiwa na sababu nzito asali kwa muda wa kutosha, peke yake au pamoja na jamaa yake.

Pamoja na jamaa yake! Hapo neno latugeukia sisi tuliobaki nyumbani. Wengi wetu humpigia mtoto saa nne usiku, tukiisha kula, kumkumbusha ada ya wadogo zake. Kwake ni saa tano, maana Muscat yatutangulia kwa saa moja, naye ataamka kabla ya alfajiri. Saa moja ni kitu kidogo kwetu. Kwa mtu aliyesimama kutwa ni usingizi wake. Hata namna ya kutaja saa humchanganya. Wenyeji huhesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Akiambiwa ampokee mtoto wa shule saa mbili, ndiyo saa nane yetu. Pengine amekwisha kukaripiwa kwa kosa hilo, ndipo simu yetu ikaja kumkaripia kwa lingine.

Mama huyo tumemjibu hivi. Ampigie bintiye siku ya kawaida, amwombe radhi, bila kuongeza neno. Kisha amwulize ni saa ngapi kazi yake huisha siku ya Jumapili, atoe saa moja, na saa hiyo nyumba nzima iketi, baba asiwe baraza, redio izimwe. Wasome Injili ya Dominika, binti akiwasomea yeye mwenyewe kwa simu ikiwa nguvu anazo, wasali fungu moja la Rozari, wamwache akalale. Habari ya fedha ingoje Jumatatu.