Nani Atalipa Mwaka wa Nne?

Tuseme yupo mama mmoja, mzaliwa wa Tanga. Ni wa mfano tu, lakini wenye maisha kama yake si haba. Alifika Hamburg angali kijana, akafanya usafi kwenye wodi za hospitali kwa miaka minne, kila mwezi akikatwa mchango wa pensheni. Baadaye akahamia Rotterdam, na huko akahudumia wazee kwa miaka ishirini. Sasa magoti yamechoka, umri umetimia, na anataka mafao yake.

Uholanzi hesabu ni nyepesi. Pensheni ya uzeeni ya serikali hukua kwa asilimia 2 kwa kila mwaka ambao mtu ameishi nchini katika miaka 50 inayotangulia umri wa kustaafu, kwa hiyo miaka yake 20 inampa asilimia 40. Kizingiti kiko Ujerumani: asiyefikisha miaka 5 ya bima hapati pensheni ya uzee. Yeye ana minne. Angekuwa amepoteza jasho lake lote la Hamburg, isipokuwa sheria za Umoja wa Ulaya zinaagiza kwamba miaka ya nchi nyingine ihesabiwe ili mtu avuke kizingiti, kisha kila nchi ilipe kwa kadiri ya miaka iliyotumikiwa kwake. Tangu Januari 2011 haki hiyo imewafikia hata wasio raia wa Umoja huo, mradi wanaishi huko kihalali na maisha yao yamegusa zaidi ya nchi moja. Kwa hiyo Ujerumani inapaswa kumlipa miaka yake minne. Lakini itajuaje kwamba ana ishirini mingine Uholanzi?

Kwa miongo mingi ilijua kwa bahasha. Fomu ya kazi hiyo iliitwa E 205, na mtu akiitazama vizuri ataiona busara ya walioibuni. Visanduku vyake vilipewa namba, na fomu ikachapwa kwa kila lugha kwa mpangilio uleule. Karani wa Ujerumani asiyejua neno hata moja la Kiholanzi aliweza kuilaza nakala ya Kijerumani pembeni, akapita kisanduku kwa kisanduku: jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, namba ya bima, tangu lini hadi lini. Chini mhuri na saini. Kisha bahasha, posta, na kusubiri. Herufi moja ya jina la Kiswahili ikikosewa, bahasha inarudi ilikotoka na kusubiri kunaanza upya. Anayesubiri si fomu. Ni mama mwenye kodi ya nyumba.

Ninachotaka kusimulia ni jinsi bara tajiri lilivyohangaika miaka na miaka kuiondoa bahasha hiyo, ilhali sheria ilikuwepo, wataalamu walikuwepo na fedha zilikuwepo.

Sheria kwanza. Tarehe 1 Mei 2010 kanuni mpya za kuratibu hifadhi ya jamii zilianza kutumika Ulaya, zikazitaka ofisi zipelekeane taarifa kwa njia ya kielektroniki. Zilitoa miezi 24 ya mpito. Mfumo ukapewa jina la EESSI, ukiwa na kazi ya kuunganisha ofisi zipatazo 15,000 katika nchi 32. Mei 2012 ikafika, mfumo haujafika. Wakaongeza miaka miwili. Mwaka 2014 ukafika, wakaamua muda uhesabiwe upya: miaka miwili baada ya mitambo ya kati kukamilika. Mitambo hiyo ilikamilika Julai 2017, kwa hiyo mwisho ukawa Julai 2019. Julai 2019 nayo ikapita, nchi nyingine zikiwa zimejiunga kwa mafao haya lakini si kwa yale. Septemba 2023 Kamisheni ya Ulaya ilikuwa bado inazihimiza nchi zimalize ifikapo mwisho wa 2024. Mtoto aliyezaliwa kwetu siku kanuni zilipoanza kutumika alikuwa, mwezi huohuo wa Septemba, anafanya mtihani wa darasa la saba.

Wengi wakisikia hivi husema haraka kwamba fedha hazikutosha. Ni kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo inastahili kuelezwa vizuri.

Oktoba 2011 Kamisheni ilipendekeza mfuko mkubwa wa kuunganisha Ulaya, CEF kwa kifupi, wenye euro bilioni 50 kwa barabara na reli, nishati na mawasiliano. Mawasiliano yalitengewa bilioni 9.2: bilioni 7 za nyaya za intaneti ya kasi, na zaidi kidogo ya bilioni 2 za huduma zenyewe, yaani mifumo kama EESSI, ya kuiwezesha ofisi ya nchi moja kusomana na ya nchi nyingine. Neelie Kroes, Mholanzi aliyekuwa kamishna wa ajenda ya kidijitali, ndiye aliyeutetea mpango huo. Halafu viongozi wa nchi wakakutana Februari 2013 kugawana bajeti ya miaka saba. Barabara zinaonekana, nazo zina wapiga kura pembeni mwake. Wakulima wana vyama vyao. Mifumo ya kusomana haikuwa na mtu wa kuandamana kwa ajili yake. Zile bilioni 9.2 zikashuka hadi karibu bilioni 1. Nyaya ndizo zilizoumia zaidi, na huduma zikabaki na chini ya nusu ya kilichopendekezwa.

Hata hivyo hazikukosa kitu. Zilipata mamia ya milioni za euro, na nimeona watu wakijenga mengi kwa kidogo kuliko hicho. Nadhani tatizo lilikuwa kwenye namna fedha zenyewe zilivyokatwa.

Mfuko ulitenganisha mambo mawili. Kuna mitambo ya kati inayotumiwa na wote, hiyo ikigharimiwa hasa na Umoja wenyewe. Kuna kazi ya kila nchi kujiunga na mitambo hiyo, na kwa kazi hiyo nchi iliomba ruzuku iliyoweza kufika asilimia 75 ya gharama. Mgawanyo wa haki, ungesema. Lakini fikiria kilicho nyuma ya neno kujiunga. Ofisi ya mafao ina mfumo wake wa ndani, mara nyingi wa miaka mingi, wenye namna yake ya kuandika tarehe, majina na aina za michango. Taarifa ya historia ya bima inayoitwa P5000 katika EESSI inapaswa kujazwa kutoka humo. Mtu lazima akae, afungue jedwali kwa jedwali, aulize kwa nini mwezi mmoja wa mwaka fulani umeandikwa mara mbili, na amtafute mzee aliyestaafu ambaye peke yake ndiye anayejua. Kisha makarani wafundishwe. Kisha mfumo wa kati ubadilishwe toleo, na kazi irudiwe. Ruzuku ilikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kufunga. Kazi hii haina tarehe ya kufunga. Bajeti ya mwaka wa nne, ruzuku ikishafungwa, ilikuwa ya nani?

Swali hilo halikuanzia kwenye EESSI. Kabla ya CEF, Ulaya iliendesha miradi mikubwa ya majaribio: STORK ya utambulisho, PEPPOL ya manunuzi ya umma, epSOS ya afya, e-CODEX ya mahakama. Mingine ilifanya kazi ya kupigiwa mfano. epSOS ilianza 2008 na ikathibitisha kwamba cheti cha dawa kilichoandikwa nchi moja kinaweza kusomwa kwenye duka la dawa la nchi nyingine. Ikafungwa katikati ya 2014. Huduma ya kweli, inayomfikia mgonjwa wa kawaida, ilianza Januari 2019. Kati ya jaribio lililofaulu na mgonjwa wa kwanza ilipita miaka minne na nusu. Mradi ukifungwa, mikataba ya watu nayo hufungwa, na yule aliyejua kwa nini sehemu fulani ya programu iliandikwa vile anakwenda kutafuta kazi kwingine. Anayekuja baada yake hulipwa ajifunze upya kilichokwisha kujulikana. Gharama hiyo haiandikwi kwenye ripoti yoyote ya fedha, nayo inaniuma kuliko zile bilioni zilizokatwa.

e-CODEX ndiyo inayonikaa moyoni zaidi. Ilianza mwishoni mwa 2010, chini ya uratibu wa wizara ya sheria ya jimbo la North Rhine-Westphalia huko Ujerumani, ili mahakama na mawakili wapelekeane nyaraka kwa usalama kuvuka mipaka. Mfumo ulifanya kazi, mahakama zikaanza kuutegemea, na ruzuku ikaisha. Ikabidi uandikwe mradi mwingine wa kuutunza mfumo tu, ukaitwa Me-CODEX. Nao ukaisha, ukaandikwa wa pili. Kitu ambacho mahakama zinategemea kila siku kilikuwa kinaishi kwa maandiko ya mradi, kama mtoto anayelelewa zamu kwa zamu na majirani. Ni kanuni ya Mei 2022 iliyoamua mwishowe kwamba eu-LISA, taasisi yenye makao yake Tallinn, Estonia, ndiyo itakayoupokea na kuutunza. Zaidi ya miaka 11 ilipita kabla ya mtoto kupata nyumba.

Njoo basi Tallinn tuone upande wa pili. Kutoka Helsinki ni kama saa mbili kwa feri, na Wafini huenda na kurudi kama watu wa Unguja na Dar es Salaam. Mzee wa Kifini mwenye shinikizo la damu ameisahau dawa yake nyumbani. Anaingia duka la dawa, anatoa kitambulisho. Alikwisha kutoa ridhaa yake mapema kwenye mfumo wa afya wa kwao. Mfamasia anachagua Ufini kwenye skrini, anaingiza namba, na cheti kilichoandikwa na daktari Helsinki kinatokea kwa maneno ambayo Mwestonia anayaelewa. Mzee analipa bei kamili, kisha anadai fidia yake akirudi kwao. Hakuna bahasha. Nchi hizo mbili ndizo za kwanza Ulaya kuifungua huduma hiyo, na sidhani ni bahati. Zote zilikuwa na vyeti vya dawa vya kielektroniki vinavyotumika nchi nzima, vikiendeshwa kama huduma ya kudumu, kabla huduma ya kuvuka mpaka haijafunguliwa. Ruzuku ya Ulaya ilikuta nyumba mbili zilizokamilika, ikajenga njia kati yake.

PEPPOL nayo ilinusurika, kwa njia tofauti kabisa. Mradi ulipofungwa mwaka 2012, watumiaji wenyewe walianzisha chama, OpenPEPPOL, kinachoendeshwa kwa ada za wanachama. Leo ankara zinapita kwa utaratibu wake hadi Singapore na Australia. Waliokuwa na haja nayo waliilipia.

Najua yupo atakayenikumbusha cheti cha UVIKO cha Ulaya: kilipendekezwa Machi 2021, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo kikaanza kutumika. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini tazama kilichovuka mpaka. Taarifa za mtu hazikupita kwenye mitambo ya kati. Zilizopita ni funguo za kuthibitisha kwamba saini kwenye cheti ni ya kweli, basi. Hakuna aliyelazimika kufungua majedwali ya miaka arobaini kumtafutia mama wa Tanga miezi yake.

Wala hili si la Ulaya peke yake. Niliingia siku moja kwenye ofisi moja ya umma huku kwetu nikaona, kwenye chumba cha nyuma, kompyuta sita zimefunikwa vitambaa vya meza. Kila moja ilikuwa na stika ya mfadhili, bado inang'aa. Nilipouliza, kijana wa pale akajibu kwa upole, "Mradi uliisha, kaka." Mafaili yalikuwa mezani kwake, yamefungwa kamba. Hakuwa mvivu. Leseni ya programu ilikuwa imeisha muda, na kwenye bajeti ya ofisi yake hapakuwa na kifungu cha kuilipia.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, miezi miwili tu baada ya kanuni zile za Ulaya. Nayo inazungumzia haki ya mfanyakazi aliyevuka mpaka kupata hifadhi ya jamii katika nchi aliyokwenda. Mwalimu wa Kisumu anayefundisha Moshi, muuguzi wa Mwanza aliye Kigali, fundi wa Bujumbura aliye Kampala, wote watazeeka. Michango yao itakuwa imelala kwenye mifuko miwili au mitatu, na ofisi moja italazimika kuiuliza nyingine.

Andiko la mradi wa kuzifanya ofisi hizo zisomane likija mezani kwangu, kurasa za utangulizi nitaziruka. Ramani yenye mishale nitaiacha. Nitakwenda kwenye jedwali la bajeti, nitapita mwaka wa kwanza wenye mitambo na warsha, wa pili wenye mafunzo, wa tatu wenye tathmini na hafla ya makabidhiano. Kisha nitaweka kidole kwenye safu inayofuata, nione kama imeandikwa jina la ofisi na namba ya kifungu cha bajeti yake, au kama karatasi imeishia hapo.