Askari Asiye na Jina

Sanamu ya Askari, iliyosimama kwenye kipilefti cha Mtaa wa Samora jijini Dar es Salaam, haina lango wala kiingilio, hivyo mchuuzi, karani na mgeni wote wana haki sawa ya kuitazama. Lakini anayeikaribia kwa nia ya kuwaenzi marehemu hukutana na swali gumu, nalo ni iwapo mtu anaweza kukumbukwa pasipo kutajwa.

Sanamu hiyo ya shaba nyeusi, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, ilizinduliwa mwaka 1927, ikimwonyesha askari Mwafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyeinamia mbele, singe ya bunduki yake ikielekea bandarini. Mwaka 1909 Wajerumani, waliotawala kabla ya Waingereza, walikuwa wamesimamisha mjini humo sanamu ya aliyewahi kuwa gavana wao, Hermann von Wissmann, ambamo askari Mwafrika aliwekwa chini akimtazama bwana wake. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Katika kazi ya Stevenson Mwafrika amepanda juu peke yake, ila amepanda akiwa kielelezo, yaani umbo linalosimama kwa niaba ya wote wa aina yake bila kuwa yeyote kati yao. Hata upande alioupigania hauonekani wazi, kwa kuwa wenyeji wengi wa nchi hiyo walipigana chini ya Wajerumani, ilhali maandishi yanamtaja mfalme wa Uingereza.

Maandishi hayo, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanawakumbuka pia wapagazi, ambao kambi yao iliupa mtaa wa Kariakoo jijini humo jina lake na ambao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, kisha yanaahidi kwamba anayeifia nchi yake jina lake litakumbukwa na wanawe. Jina lenyewe halipo. Mzigo wa kukumbuka umeachiwa watoto, ambao wengi wao hawakuambiwa hata baba alizikwa wapi.

Dini na mila hudai zaidi ya hapo: katika misa ya marehemu majina husomwa, katika hitima hutajwa anayeombewa, na katika tambiko wahenga huitwa mmoja mmoja. Muumini anaweza kujibu kwamba Mungu anawajua wote, na hilo ni kweli; lakini faraja hiyo haikuonekana kuwatosha maofisa Wazungu, ambao walichongewa majina yao, wakati Waafrika wengi, kama ilivyokiri mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, waliwekewa kumbukumbu za jumla, hata pale majina yalipojulikana au yalipoweza kutafutwa. Kumwachia Mungu kazi ya karani ni unyenyekevu wa ajabu. Kuwezekana kwa kazi hiyo kunaonekana Cape Town, ambako mwaka 2025 vibarua weusi zaidi ya 1,700 wa Afrika Kusini, waliokufa katika vita hivyohivyo, walisimamishiwa kumbukumbu katika bustani ya umma, kila mmoja na nguzo yake ya mti yenye jina lake.