Kifuta Jasho na Nyara za Serikali

Kuna sentensi moja haikosekani ujangili unapojadiliwa: umaskini ndio chanzo. Husemwa na wafadhili, husemwa na wanasiasa, husemwa hata na wakili anayemwombea mteja wake apunguziwe adhabu. Mimi imenichosha, ingawa siiti uongo mtupu.

Chukua Namasakata, mkoani Ruvuma. Ukitoka Songea kuelekea mashariki unaingia nchi ya korosho, mihogo na mpunga, na humohumo umo ushoroba wa Selous na Niassa, njia ya tembo wanaokwenda na kurudi Msumbiji. Njia hiyo inakatiza kwenye ardhi ya vijiji. Mazao yakikaribia kuiva mkulima hulala dunguni, na debe lake la kugonga. Nguruwe pori hufuata mazao, simba naye humfuata nguruwe. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 walihesabu zaidi ya Watanzania 563 waliouawa na simba tangu 1990, wengi wakiwa wa mikoa ya kusini, na huyo nguruwe wa shambani walimtaja kuwa sababu mojawapo kubwa.

Sasa hebu tusikilize lugha, maana sisi humu ni watu wa maneno. Tembo akila shamba lako, serikali hailipi fidia. Inatoa kifuta jasho. Akiua mtu, inatoa kifuta machozi. Fidia ingekuwa deni. Kifuta jasho ni hisani, na mtu hadai hisani mahakamani. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa roho ya mtu, na kwa mazao kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari tano. Lakini mnyama huyohuyo akikutwa amekufa, nyama yake ikiwa ndani ya sufuria yako, jina lake linabadilika ghafla: ni nyara za Serikali. Akiwa hai na anakula mahindi, mwenyewe haonekani. Akifa, mwenye mali anafika na pingu.

Kwa hiyo namwelewa anayetega waya apate kitoweo. Simsifu. Waya hauchagui, unanasa jike mwenye mimba na unamwacha aoze kama mtegaji kachelewa kupita. Ila naona njia iliyomfikisha pale.

Tembo ni habari nyingine, na hapo ndipo ile sentensi inaponishinda. Mwaka 1976 Selous na maeneo yake ya jirani ilikadiriwa kuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Je, watu wa kusini walikuwa matajiri mwaka 1976? Thubutu! Barabara ilikuwa vumbi na matope, na mfuko ulikuwa mtupu vilevile. Umaskini ulikuwepo tembo walipokuwa tele na ulikuwepo walipokwisha. Kitu kilichokuwepo nyakati zote mbili hakiwezi peke yake kueleza tofauti kati yake. Kilichobadilika ni mnunuzi, bei na bunduki.

Mnunuzi tunamjua kwa mfano mmoja. Yang Fenglan aliletwa nchini miaka ya 1970 na kazi ya ukalimani wa Kiswahili kwenye reli ya TAZARA. Ndiyo, Kiswahili hikihiki. Februari 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu miaka 15 kwa biashara ya vipande 860 vya meno ya tembo, thamani ya shilingi bilioni 13. Huko pembezoni mwa Serengeti, watu waliokamatwa na vipande vya nyama ya nyumbu wamekuwa wakipewa miaka 20. Sijui mizani ya namna hiyo inaitwaje.

Umaskini, basi, hauamui kama tembo atauawa. Unaamua nani atatumwa, na nani atakamatwa.

Na bado sijamfuta hatia aliyetumwa. Kwenye vijiji hivyohivyo wapo askari wa wanyamapori wa kijiji, vijana wanaoingia porini kwa posho ndogo, pengine siku kadhaa mfululizo. Wametoka kwenye nyumba za nyasi zilezile, shule ileile, shamba la baba lililoliwa na tembo yuleyule. Ukiniambia njaa ndiyo iliyomshika mkono jangili, unaniambia nini kuhusu hawa? Kwamba wao hawakuwa na njaa? Huruma inayomwona maskini kama mtu asiyeweza kuamua ni dharau iliyovaa kanzu.

Mwingine atajibu kwamba askari yule anapata posho, kwa hiyo naye kanunuliwa, tofauti ni mnunuzi tu. Hoja hii inanisumbua kuliko zote, na sijapata jibu linaloniridhisha. Ninachoona ni kwamba bei za wanunuzi hao wawili hazilingani hata kidogo, na walio wengi bado hawajaenda kwa anayelipa zaidi. Msimu wa mavuno utawakuta dunguni, macho, na debe mkononi.