Shahidi Si Mdhamini

Dalali wa soko la mifugo la Garissa hauzi ng'ombe wake. Wasomali humwita dilaal. Kazi yake si kupatanisha bei tu. Ni kusema mbele ya watu: huyu muuzaji namjua, na huyu ng'ombe si wa wizi. Mwenye mali akitokea kesho, dalali ndiye wa kwanza kutafutwa.

Mimi niliacha chuo, lakini msimbo wa Linux uko wazi kwa yeyote, hakuna anayekuuliza digrii. Huwa nasoma mabadiliko yanayopendekezwa kwenye draiva za memori ya flashi. Flashi ni sumbufu, bana. Huwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Lazima ufute bloku nzima kwanza, na kila bloku huchoka ikifutwa mara nyingi. Nyingine hutoka kiwandani zikiwa mbovu tayari. Katikati ya fujo hiyo, draiva hupokea data na kujibu: tayari. Ikijibu kabla data haijaandikwa, na stima ipotee sekunde hiyo, daftari la madeni la duka zima linaweza kwenda hivyo.

Ndiyo maana mtu wa pili hukagua, kisha huweka jina lake chini ya mabadiliko. Mwongozo wa Linux unasema jina hilo lina maana kwamba amekagua kweli, amesema matatizo aliyoyaona, na anaamini kazi iko sawa. Halafu unaongeza: hatoi dhamana kwamba itafanya kazi.

Sasa, huo si ukwepaji? Dalali angesema hivyo sokoni, nani angenunua?

Nadhani si ukwepaji. Dalali anamjua muuzaji na ukoo wake, na analipwa. Mkaguzi hawezi kuijua kila simu na kila memori kadi duniani. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Al-Baqara, inaagiza deni liandikwe na mashahidi wawepo. Papo hapo inakataza mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Shahidi si mdhamini. Deni lisipolipwa, yeye halilipi.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho shahidi hawezi kukikwepa: kwamba alikuwepo, na aliangalia. Mkaguzi makini akipitwa na kasoro, amekosea kuhusu msimbo. Aliyepitisha macho tu kisha akaweka jina, hata msimbo ukiwa safi, amedanganya. Amedanganya kuhusu yeye mwenyewe.

Na uongo huo ni rahisi mno, kwa sababu hakuna soko la kumkamata. Mfugaji ambaye simu yake imepoteza namba zote hatajua kulikuwa na mkaguzi. Atasema simu ni mbovu, atanunua nyingine. Dalali huwa mkweli akijua atatafutwa. Mkaguzi anatakiwa awe mkweli akijua hakuna atakayekuja kumtafuta.