Hekima Iliyomo Ndani ya Chembe za Miili Yetu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia Mtume wake rehema na amani, twapenda kuwakumbusha ndugu zetu amri ambayo wengi wetu twaisoma kwa ndimi tu: amri ya kuzingatia yaliyomo ndani ya nafsi zetu.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai, yaani seli. Ndani ya karibu kila seli mna vifuko vidogo mno viitwavyo peroksisomi, ambavyo kwa kawaida upana wake haupiti sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 1954 Johannes Rhodin wa Sweden alivieleza vifuko hivyo alivyoviona katika figo za panya, na kazi yake haikujulikana. Katika miaka ya 1960 Christian de Duve, Mbelgiji, pamoja na wenziwe, waliibainisha kazi hiyo na kuvipa jina.

Kazi yenyewe ni nini? Yako mafuta mwilini yenye minyororo mirefu mno, ambayo hayaanzi kuvunjwa illa humo. Katika kuyavunja hutokea haidrojeni peroksaidi, nayo ikizidi ni sumu kwa seli. Lakini Mola aliyeweka kazi yenye hatari ameiweka na kinga pale pale: ndani ya kifuko hicho hicho mna kimeng'enya kiitwacho katalesi, kigeuzacho sumu hiyo kuwa maji na oksijeni. Atakaye ushahidi na aikumbuke ile dawa ya kuoshea vidonda ambayo ikitiwa hutoka povu. Dawa hiyo ni haidrojeni peroksaidi, na povu lile ni oksijeni iliyotolewa kwa katalesi ya miili yetu wenyewe.

Tena peroksisomi hushiriki katika kuunda mafuta yanayofunika mishipa ya fahamu, na katika kutengeneza nyongo ndani ya ini. Hata mbegu ya mbarika ina vifuko vya jinsi hii, visaidiavyo kugeuza mafuta yake kuwa sukari, ili mche upate chakula kabla haujaliona jua.

Sasa twafika kwenye lililotusukuma kuandika. Wako watoto wachache wazaliwao bila ya peroksisomi zilizo timamu. Maradhi hayo huitwa Zellweger, na mwaka 1973 wataalamu walionyesha kwamba katika ini na figo za watoto hao vifuko hivyo havimo. Mtoto huzaliwa mlegevu, hunyonya kwa taabu, hushikwa na kifafa, na aghalabu hufa kabla ya kutimiza mwaka. Sababu yake ni kasoro ya urithi aliyoipokea kwa baba na kwa mama pia, ilhali wao wenyewe ni wazima.

Je, mama wa mtoto kama huyo hutendewa nini? Mara ngapi tumesikia akiambiwa ana jini mahaba, au amerogwa, au ana mkosi. Akapelekwa kupungwa, akavishwa hirizi, na mwisho akapewa talaka! Enyi ndugu, hiyo ni dhulma iliyo wazi. Mume anayemtupia mkewe lawama amesahau kwamba nusu ya kasoro ile imetoka kwake. Na mganga apokeaye fedha zao hana alijualo katika jambo hili.

Maradhi hayo hayajapatiwa dawa ya kuyaponya. Lakini madaktari huweza kutuliza kifafa na kumsaidia mtoto kulishwa. Basi na apelekwe kwao mapema. Kuoana mabinamu ni halali, wala hatuharamishi alichohalalisha Mungu. Illa ukoo uliokwisha kupata mtoto kama huyo yapasa uwaulize wajuzi wa urithi kabla ya kuozana tena, kwani jamaa wa damu moja huwa karibu zaidi kushirikiana kasoro iliyofichika. Kuuliza hakupingani na kutawakali.

Mwenye kuizingatia hekima iliyomo ndani ya kifuko kisichoonekana, kisha akamdhulumu mama anayemlilia mwanawe, hakuzingatia kitu. Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa na nyoyo zenye huruma. Amin.